Jumamosi ya Pugu, kwa mwendo wa anayechoka mapema

Mtoto wa pili wa dada yangu ana miaka minane na ana selimundu. Shuleni kwao wameshakwenda Makumbusho ya Taifa, wameshakwenda kuona wanyama, wameshakwenda na Bagamoyo. Yeye hajakwenda hata mara moja. Barua ya safari ikifika nyumbani, dada huisoma, huikunja na kuiweka chini ya redio. Fedha huwa hazipo, ni kweli, lakini kinachomzuia hasa ni woga. Anaona basi lenye upepo, watoto wakikimbizana juani, mwalimu mmoja na watoto sitini, na hakuna wa kumkumbusha mwanawe kunywa maji. Kisha anaona usiku wake: benchi la hospitali na mtoto anayelia kwa maumivu ya miguu.

Mimi huandika habari za afya. Nimeandika zaidi ya mara moja kwamba mtoto mwenye selimundu anaweza kusoma, kucheza na kusafiri akipangiwa vizuri. Siku moja dada alinisomea sentensi yangu hiyo kutoka kwenye simu yake, kisha akaniuliza: "Sasa mdogo wangu, huyo anayempangia ni nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na Jumamosi moja ya mapumziko mwezi Juni.

Tunaishi Vingunguti. Kwa asiyepajua, ni huku Ilala, kati ya Barabara ya Nyerere na bonde la Msimbazi, kwenye viwanda, machinjio na nyumba zilizobanana hadi majirani wanapeana chumvi kupitia dirishani. Watoto wanacheza uchochoroni, na pikipiki nazo zinapita uchochoroni humohumo. Upepo ukigeuka, unajua machinjio iko upande gani. Chini kuna mto, na amri ya kwanza anayopewa mtoto wa bondeni ni kwamba mtoni hakuendwi. Maji yake ni meusi, yamebeba ya viwandani na ya vyooni, na watafiti waliopima mboga zinazolimwa kandokando yake wamekuta metali nzito kama risasi. Mwezi Desemba 2011, nikiwa bado mwanafunzi wa sekondari, mto huohuo ulipanda usiku ukaingia nyumba za bondeni. Mama yetu alituhamisha baada ya hapo. Mpaka leo mvua ikinyesha sana huwa halali, ingawa sasa anakaa juu mlimani.

Kwa hiyo watoto wetu wanaujua mto kama kitu cha kukimbiwa. Nilitaka waone unakotoka. Msimbazi, mto wa kama kilomita 35 unaoishia baharini pale Daraja la Selander, unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Huko kuna msitu wa asili, Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kutoka kwetu hazifiki kilomita 25. Wengi wetu tumepita hapo mara nyingi tukienda Kisarawe kwenye misiba na harusi, na hatukuwahi kushuka.

Lazima nikiri kwamba hii haikuwa safari yangu ya kwanza na watoto. Mwaka uliotangulia niliwachukua mwanangu wa miaka mitano na kaka wa huyu binti, mwenye miaka kumi na moja, tukaenda ufukweni siku ya Idi. Nilipanga kama ninavyopanga kazi ya ofisini: saa kumi na moja kuamka, saa kumi na mbili kutoka, saa mbili kuogelea, saa sita kula, saa nane mpira. Nusu ya jiji walikuwa wamepanga vilevile. Saa tano tulikuwa bado kwenye foleni, mdogo amejikojolea, mkubwa amenuna, na mimi nawagombeza wote wawili kwa sababu ratiba inanipita. Tulirudi usiku. Mkubwa akaniuliza, bila kejeli, "Mama mdogo, kwani tumeenda wapi?"

Safari ya pili nikaipanga kinyumenyume. Sikuanza na tunachotaka kuona, nilianza na anayechoka mapema. Huyo akiwa na nguvu, wote wana nguvu. Akichoka, safari imekwisha, hata kama ni saa nne asubuhi.

Nilipiga simu tatu. Ya kwanza ilikuwa kliniki anakohudhuria mtoto. Usiruke hatua hii kama una mtoto mwenye selimundu, pumu, kifafa au kisukari. Muuguzi aliuliza lini aliumwa mara ya mwisho, akaniambia twende ikiwa wiki hizo yuko vizuri, na akanipa mambo ya kushika. Anywe maji kabla hajasikia kiu, kwa sababu mwili ukikaukiwa maji chembe za damu zenye umbo la mundu hunasa kirahisi kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu huanza. Asichoke hadi kuhema. Asipigwe na upepo wa baridi wala kulowa. Dawa zake za asubuhi, haidroksiyurea na asidi ya foliki, asiziruke kwa sababu ya haraka ya safari. Twende na dawa ya maumivu tuliyoandikiwa. Joto likifika nyuzi 38, akiumwa kifua, akihema kwa shida au akipauka ghafla, tusisubiri kufika nyumbani. Niliandika kwenye simu kwamba hospitali ya wilaya iko Kisarawe, jirani na tunakokwenda. Dada aliposikia hilo ndipo alipoanza kukubali.

Simu ya pili ilikuwa kwa TFS kuuliza viingilio, namna ya kulipa kwa namba ya malipo ya serikali, na kama tutapata mtu wa kutuongoza. Viingilio hubadilika, kwa hiyo sitaviandika hapa. Piga mwenyewe siku mbili tatu kabla, na uliza bei ya mtoto.

Ya tatu ndiyo ilikuwa ngumu. Mwalimu wa tuisheni. Mkubwa yuko darasa la sita na Jumamosi ana hesabu. Shemeji yangu, ambaye ni mlinzi wa usiku kiwandani na huthamini kila shilingi ya tuisheni hiyo, alisema Jumamosi moja ni Jumamosi moja. Nilimweleza kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na mwanawe anatoka shuleni anaingia tuisheni, anatoka tuisheni anaingia kwenye simu ya baba yake. Nikamweleza pia utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka mji wa Guangzhou, China, ambako baadhi ya shule ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, watoto walioanza kushindwa kuona mbali walikuwa wachache kwenye shule hizo kuliko kwenye shule nyingine. Shemeji alifikiri kidogo. "Sawa," akasema, "lakini aende na daftari." Daftari lilikwenda na kurudi bila kufunguliwa.

Juni tuliichagua kwa makusudi. Masika yamekwisha, njia za msituni zimekauka, jua la kipupwe halichomi sana na shule zimefungwa. Tuliondoka saa moja na nusu, baada ya wote kunywa uji. Niliwaambia watoto jambo moja tu: tunakwenda kuona mto wetu unapozaliwa, tukichoka tunarudi. Mizigo ilikuwa mikoba miwili. Mmoja wa maji, lita moja kwa kila mtu na mbili za akiba. Wa pili wa mihogo ya kuchemsha, mayai, machungwa, chupa ya chai yenye uji, sabuni, khanga mbili, sweta ya binti na suruali ya kubadilisha ya mdogo. Wote walivaa suruali ndefu, soksi na viatu vya kufunga, kwa ajili ya kupe, siafu na miiba. Kandambili ziliachwa nyumbani, mdogo akilia.

Daladala ilitupeleka Gongo la Mboto kwa Barabara ya Nyerere. Nilimkalisha binti katikati, mbali na dirisha, na sweta yake. Hapo tukapanda nyingine ya Kisarawe, inayokunja kulia ukifika Pugu Kajiungeni. Njiani tulipishana na fuso lililojaa ng'ombe. Wanatoka mnada wa Pugu, nikawaambia, wanakwenda machinjioni kwetu. Mkubwa akageuka kuwatazama mpaka wakapotea. "Wao wanashuka, sisi tunapanda," akasema, na kwa dakika kadhaa hakuna aliyeomba simu.

Nilijaribu kuingiza historia. Niliwaambia Mwalimu Nyerere alifundisha Pugu, akaacha kazi mwaka 1955 ili aongoze TANU, na ndiyo maana barabara tuliyopita, iliyokuwa ikiitwa Barabara ya Pugu, sasa ina jina lake. Mdogo akauliza kama alikuwa na gari. Nikaacha.

Ukiingia msituni kitu cha kwanza ni ubaridi. Pili ni ukimya, ambao kwa watoto wa Vingunguti ni kitu cha kutisha kidogo. Mdogo alinishika gauni. Kijana wa hifadhi aliyetuongoza aliuliza tunataka njia ndefu au fupi, nikamwambia fupi kuliko zote, na kwamba tutasimama ovyo. Akacheka. Alisema vikundi vingi vinataka kumaliza.

Tulisimama ovyo kweli. Hatukuwa tumetembea hata mita mia mbili tulipokutana na jongoo, mweusi, mnene kama kidole cha mtu mzima. Watoto walichuchumaa. Jongoo alitembea, wakatembea naye wamechuchumaa. Mkubwa alitaka kuhesabu miguu. Mdogo alimgusa, akajiviringisha, akapiga kelele ya furaha iliyorusha ndege mtini. Nikawanawisha mikono kwa sabuni palepale, maana majimaji ya jongoo yakiingia machoni huwasha vibaya. Nilipotazama saa, dakika ishirini zilikuwa zimekwisha na hatujafika popote. Siku ya Idi ningekuwa nimeshapandisha sauti. Safari hii niliona binti amepumzika dakika ishirini bila mtu kumwambia pumzika.

Hapo ndipo nilipoelewa muuguzi alichokuwa akinieleza. Nyumbani tumezoea kumwambia "wewe kaa, wenzako wacheze." Anakaa, anatazama, na anajua kwa nini amekaa. Msituni kila mtu alikuwa anakaa. Kila tuliposimama, wote walikunywa maji mafunda matatu, hata mimi, hata yule kijana. Mkubwa aliligeuza mchezo: anayesahau kunywa anabeba mkoba wa maji. Mkoba ukabebwa na mimi karibu safari nzima.

Kijana alituonyesha miti na kutueleza kwamba baadhi ya mimea ya hapa ina jina la Pugu kwenye vitabu vya wataalamu. Ni kweli. Kuna mti unaoitwa Millettia puguensis na mwingine Baphia puguensis. Alituambia habari za sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, na za komba wa Rondo, ambaye uzito wake haufiki gramu mia moja na ambaye duniani anapatikana kwenye misitu michache tu ya pwani ya Tanzania, huu ukiwemo. Hatukumwona hata mmoja. Sange ni mwoga na komba huzurura usiku.

"Kwa hiyo saa hizi amelala?" aliuliza binti.

"Amelala."

"Kama baba," akasema, na kuanzia hapo walitembea wakinong'ona ili wasimwamshe.

Tumbili tuliwaona. Walitaka machungwa yetu, hatukuwapa. Tumbili aliyezoea kulishwa siku moja atamng'ata mtoto, na jeraha la namna hiyo linakupeleka kwenye sindano za kichaa cha mbwa.

Kulikuwa na ugomvi mmoja. Mkubwa alisikia kwamba Pugu kuna mapango yenye popo, palipochimbwa udongo mweupe wa kaolini, akataka kwenda. Nilikataa. Kinyesi cha popo kwenye pango kinaweza kuwa na fangasi wanaoingia mapafuni, na kwa mtoto mwenye selimundu ugonjwa wa mapafu ni jambo la kuogopwa sana. Isitoshe, mimi ni wa kizazi cha waandishi walioandika habari za Marburg mkoani Kagera mwaka 2023, kisha tena Januari 2025. Virusi vile makazi yake ni kwa popo wala matunda wa mapangoni. Kagera ni mbali na Pugu, lakini watoto siwaingizi kwenye pango la popo la mkoa wowote. Alinuna hadi tulipokula mihogo.

Baada ya kula, tukiwa tumetandika khanga, tulishuka taratibu hadi kwenye kijito. Kilikuwa chembamba. Mtu mzima angekiruka. Maji yalipita juu ya mchanga, unaona majani yaliyozama, unaona kivuli cha mdudu anayetembea juu ya maji. Kijana alisema vijito vya namna hii ndivyo vinavyokusanyika na kuwa Msimbazi.

Mkubwa alimtazama, akanitazama mimi.

"Msimbazi huu wa kwetu?"

"Huohuo."

"Muongo," akasema. Kisha, polepole: "Sasa nani anauchafua?"

Nilimtajia viwanda, na vyoo vinavyofunguliwa mvua ikinyesha, na taka tunazotupa, zetu na sisi. Niliongeza na mkaa, maana misitu ya vilima hivi imekatwa sana kwa ajili ya mkaa wa Dar es Salaam, na mlima ukivuliwa miti maji ya mvua hushuka kwa kishindo hadi bondeni. Jikoni kwa dada kuna gunia la mkaa nyuma ya mlango. Hakusema kitu, lakini nilijua amelikumbuka.

Mdogo alikuwa ameshaanza kuvua viatu. Nikamzuia. Sheria, nikasema, ni kwamba hakuna anayeingia majini. Maji ya mito na mabwawa ya pwani yanaweza kuwa na konokono wanaobeba kichocho, na macho hayatoshi kukwambia maji yapi yako salama, hata yakiwa meupe kama haya. Kichocho huingia kupitia ngozi, mtoto hajui, na baadaye anakojoa damu. Tutakaa ukingoni, tutatazama, tutarusha majani yaende.

Nilikuwa nimetoa sheria hiyo kwa ajili ya kichocho tu. Lakini binti alikuwa ameshakaa chini, miguu ameikunja, mikono ameificha ndani ya sweta, kama mtu anayesubiri wenzake wamalize. Ni mkao wake wa kila siku, maji ya baridi yamekatazwa kwake tangu azaliwe. Aliponisikia akainua kichwa.

"Wote?" akauliza.

"Wote. Hata mimi."

Akatoa mikono kwenye sweta akaanza kutafuta jani.

Walishindanisha majani karibu saa nzima. La binti lilikwama kwenye mzizi mara mbili na kaka yake akalikwamua kwa kijiti bila kuambiwa. Mdogo aliuliza jani lake litafika Vingunguti lini. Kijana akasema labda kesho kutwa, likipita salama. Wakakubaliana kwamba watalisubiri juu ya daraja, si mtoni.

Tuligeuka saa saba kasorobo. Mkubwa alikuwa bado ana nguvu na alitaka kwenda kuona bwawa la Minaki. Binti alikuwa ameanza kukaa chini kila tukisimama. Tukarudi. Mzazi mwenzangu, huu ndio uamuzi mgumu kuliko yote, kuondoka wakati watoto wawili kati ya watatu bado wanataka. Umelipa nauli, umelipa kiingilio, moyo unasema nusu saa zaidi haiwezi kuleta shida. Kwa mtoto wa namna hii nusu saa hiyo huja kulipwa usiku, na kitakachokumbukwa nyumbani ni usiku huo. Bwawa halihami. Zaidi ya hapo nilitaka tuwe nyumbani kabla ya giza na mbu wake, kwa sababu malaria kwa mwenye selimundu hugeuka kuwa kali upesi.

Daladala ya kurudi ilijaa. Binti alilala mapajani mwangu kuanzia Pugu Kajiungeni hadi Banana. Tulifika saa kumi kasoro. Dada alikuwa mlangoni na kipimajoto mkononi, na hakuona haya. Nyuzi 36 na nusu. Akapima tena usiku, akapima na alfajiri. Jumapili mtoto aliamka na uchovu, akalalamika miguu kidogo, akanywa maji, akalala mchana, na jioni alikuwa uchochoroni akiwafundisha watoto wa jirani kutembea kama jongoo.

Siku tatu mfululizo walikwenda darajani kusubiri jani. Nililazimika kwenda nao.

Wiki iliyopita dada alinipigia simu nikiwa kazini. Barua ya safari imekuja tena, muhula huu wanakwenda magofu ya Kaole. Alinisomea yote, hadi sehemu ya kusaini. Kisha akasema kabla ya kitu chochote anataka kujua basi litasimama mara ngapi watoto wanywe maji, na nani atakaa na mwanawe. Nikamwambia hayo yaandike, mpelekee mwalimu. Ameshaandika. Jumatatu anakwenda kuuliza.